Nirudishieni Majina ya Watu Wangu

Bibi Shamba hakuwa mpole. Anayesema alikuwa mpole alikutana naye kanisani, ambako padri ndiye mwenye kusema, au msibani, ambako hata yeye alijua kunyamaza. Sisi tuliokaa naye ukuta kwa ukuta hapa Ifakara tuna habari nyingine. Asubuhi ukisikia mlango wake umebamizwa, ujue kuna mtu huko vijijini kamwaga mbegu ovyo badala ya kupandikiza, na habari zimemfikia kabla ya chai.

Alikuwa afisa ugani. Mwanaume wa kazi hiyo tunamwita bwana shamba, mwanamke bibi shamba, na kwa watu wengi wa bonde hili yeye ndiye bibi shamba wa kwanza kumwona kwa macho, kwa hiyo cheo kikamganda kikawa jina. Alipostaafu, serikali ilichukua pikipiki yake na jina ikamwachia. Padri alimwita Bibi Shamba. Wanawe wa kuzaa walimwita Mama mbele yake, na akigeuka tu, Bibi Shamba. Mimi ndiye mwenye duka la stesheneri hapo mbele ya nyumba zetu, nimemtolea kopi ya kitambulisho chake mara sijui ngapi, na jina lake la ubatizo nalijua. Mdomoni halijawahi kunikaa vizuri, na hapa sitalijaribu.

Dukani kwangu alikuwa na stuli yake, pembeni ya mashine ya kopi. Alikuja akishamaliza kumwagilia mchicha wake, anasukuma mlango, ananiacha nimwamkie shikamoo, anaitika marahaba kwa haraka, kisha ananikabidhi simu. Miwani alikuwa nayo. Ilikaa shingoni kwa kamba, na ukimwambia aivae alikuwa anasema ile ni ya kusomea misale kanisani, si ya kusomea upuuzi. Kwa hiyo meseji zake nilizisoma mimi, kwa sauti, mbele ya wateja waliokuja kuchapisha barua zao za kazi. Kama una haraka zako siku hiyo, shauri yako.

Watu walimdhania ni mtu wa msimamo mmoja. Wapi. Miaka yote aliyozunguka vijijini alihubiri Saro, ile mbegu ya kisasa ya mpunga: Saro inazaa, Saro hailali kwa upepo, acheni ubishi pandeni Saro. Nenda sasa jikoni kwake ufunue sufuria, ni mchele wa Supa mtupu, unanukia mpaka kwangu. Nilimuuliza siku moja akanitazama kama mtoto aliyeuliza kitu cha aibu.

"Saro ni ya kujaza gunia, mwanangu. Wewe unaona gunia hapa?"

Vivyo hivyo kwa wafugaji. Wenyeji wenzake, watu wenye asili ya Mahenge na Ulanga, walikuwa na maneno marefu juu ya Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kanda ya Ziwa. Yeye naye alikuwa anawasema, tena kwa sauti, lakini alikwenda kuwasemea nyumbani kwao. Alikuwa anaingia bomani anasema "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, wanamwitikia wamefurahi, na hapohapo anaanza kuwagombeza kuhusu ng'ombe waliovunja kingo za majaruba, vile vitalu vya mpunga vya kutuamisha maji. Wakampenda. Nadhani walichoka kusengenywa, wakaona afadhali huyu anayewagombeza usoni kama anavyogombeza wenyeji. Baadhi yao wakaanza kulima mpunga kwa sababu yake, ili naye aje awakague.

Ukaguzi wenyewe ulikuwa na utaratibu wake. Hakutoa ushauri kwa mtu ambaye hajakanyaga shamba lake. Ungeweza kumletea jani la mpunga limefungwa kwenye gazeti, ukamlilia, angekwambia tu, "Nitakuja." Akifika anavua viatu ukingoni, anaingia jarubani peku, anasimama kwenye tope bila kusema neno muda wa kutosha mtu kuanza kuogopa. Anasema miguu inajua maji ya pale yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na kwamba udongo wa Kisawasawa chini ya milima na tope la mbuga ya Mchombe havifanani hata kidogo, kwa hiyo dawa ya huyu ni sumu ya yule. Akishatoka topeni ndipo anakupa jina.

Hapo ndipo penye habari yote, kwa hiyo nieleze vizuri. Bonde hili lina akina Baba Editha wangapi? Lina akina Baba Kulwa wangapi, maana kila nyumba ya Kisukuma iliyopata mapacha ina Kulwa na Doto wake? Mtu mzima huku haitwi jina lake, anaitwa kwa mwanawe wa kwanza, na watoto wetu wote wamebatizwa majina yaleyale. Bibi Shamba aliunganisha mtu na shamba lake. Baba Editha Kisawasawa Kijitoni. Baba Editha Mchombe Mbugani. Baba Kulwa Sanje Migombani. Mama Osmundi Daraja la Mbao. Akikuita hivyo mara moja, imetoka hiyo, hata mkeo ataanza kukuita hivyo.

Simu kubwa zilipoingia, akaanzisha kundi lake kwenye ule mtandao wa kuchati ambao kila mtu hapa anao, akawaingiza watu wake mmoja mmoja. Wakati ule mwenye kundi aliweza kuandika jina la kila mwanakundi atakavyo, refu, lenye nafasi, hata kama kuna mwingine duniani analo. Akaketi kwenye stuli, mimi nikabonyeza, yeye akataja. Ilituchukua siku kadhaa na hakukosea hata mmoja. Tangu hapo kazi yake ikawa nyepesi. Magoti yalikuwa yameanza kukataa, lakini meseji ikiingia tu nasoma jina, yeye anafumba macho, analiona jaruba, anajua mfereji uko upande gani, anajibu. Msimu mzima wa mpunga ulikuwa unapita hapo pembeni ya mashine yangu ya kopi.

Sasa nieleze udhaifu wake mmoja, maana bila huo hamtanielewa.

Siku moja tumetoka kanisani, mzee mmoja akamjia mikono miwili, furaha tele. "Bibi Shamba, mpo?" Naye akamjibu kwa furaha hiyohiyo, tupo, habari za siku nyingi, mama watoto hajambo, wale vijana je, na kule nyumbani mvua imeshuka? Wakaongea mpaka jua likanichoma utosi. Mzee akaaga. Bibi Shamba akampungia mkono, akasubiri afike mbali, akaniinamia sikioni.

"Nani yule?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye ngazi. Yeye hakucheka.

"Ungemuuliza," nikamwambia.

"Nimuulize mtu mzima aliyeniamkia kwa jina langu kwamba yeye ni nani? Hiyo ni kumfukuza. Ukimuuliza mtu hivyo umemwambia kwamba siku zote alizokukaribisha kwake hukuwepo."

Na si yeye peke yake. Huku kwetu wote tuko hivyo, mimi pia. Mtu akikuchangamkia unachangamka, mengine utayajua mbele ya safari. Wala mwenye kukusalimia hajitambulishi, maana kujitambulisha kwa mtu anayekujua ni kama kumsema kwamba amekusahau.

Basi, wenye mtandao wakaja na lao. Ilikuwa msimu wa kupandikiza, watu wako matopeni mgongo umepinda, likaingia tangazo lenye rangi na vikatuni vinavyocheka. Kila mtumiaji achague jina jipya, moja tu, lisilofanana na la mtu yeyote duniani. Lisiwe na nafasi. Lisiwe na herufi kubwa. Liwe fupi. Asiyechagua, mashine itamchagulia. Majina ya zamani yatafutwa, mwenye kundi hataweza tena kuandika jina la mtu, na namba za simu zitafichwa hata kwa wale mnaojuana, eti kwa usalama wetu. Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Watu wa bondeni wangefanya nini? Walio na vijana nyumbani wakawapa vijana simu, weka chochote. Wasio na vijana wakaacha, mashine ikawabatiza. Tukafungua kundi asubuhi moja tukakuta mkulima7741, tukakuta mtu anaitwa king_boy_kb ambaye baadaye tuligundua ni mzee wa kanisa wa Sanje, tukakuta majina yenye vimstari na tarakimu kama namba za mita ya umeme. Bibi Shamba mwenyewe aliandika bibishamba, likakataliwa, lilishachukuliwa. Tulifungua ukurasa wa aliyelichukua, mtu wa mjini huko anauza mawigi. Mtandao ukampa bibishamba_381.

"Mwache avae," alisema kuhusu yule wa mawigi. "Watu wangu wako wapi?"

Nikaandika kwenye kundi kwa niaba yake: tafadhali kila mmoja ajitambulishe, jina na shamba. Vijana wachache wakajibu. Wazee wakajibu kizee. "Ni mimi, Bibi Shamba." "Mimi yuleyule." "Tupo, Bibi Shamba, usiwe na shaka." Mmoja akatuma picha ya mbuzi. Nilitaka kurusha ile simu.

Tukaanza kupinga. Nasema tukaanza, kwa kuwa vidole vilikuwa vyangu. Mtandao una mahali pa kuandika maoni, umepaficha chini kabisa kama vile hautaki paonekane, na nilipopapata alikuja kila siku kuniamuru niandike. Mimi nilikuwa nageuza kwa Kiingereza changu cha sekondari, yeye anaongea kwa Kiswahili na akikasirika sana anaingia Kipogoro, hapo nilikuwa naacha nafasi tu.

"Waambie mimi sina shida na jina langu. Wakae nalo. Hata wakiniita mbuzi nitaitika. Wanirudishie majina ya watu wangu."

Nikaandika.

"Waambie yale hayakuwa mapambo. Lile jina ndilo lilikuwa linaniambia maji yanaingilia wapi."

Nikaandika. Siku ya tatu au ya nne likaja jibu, tena kwa Kiswahili, nikalisoma kwa sauti: "Hujambo bibishamba_381! Sisi tunathamini sauti yako. Majina mapya yanafanya iwe rahisi zaidi kwa marafiki kupata wewe."

"Kupata wewe," akarudia. "Huyu mtu anakaa wapi?"

"Si mtu, Bibi Shamba. Ni mashine inajibu."

"Basi niitie mtu."

Mtu hakuwepo. Nilitafuta. Kila mlango niliobonyeza ulinirudisha kwa ileile mashine inayothamini sauti yako. Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri kuchapisha CV yake akajaribu kutuliza mambo, akasema, "Bibi, jina unaweka lolote tu, ni poa." Bibi Shamba akamgeukia.

"Wewe jina lako nani alikupa?"

"Babu yangu."

"Ukamwambia lolote tu poa?"

Kijana akalipia karatasi zake akaondoka bila chenji. Mimi nilikuwa nimechoka na pande zote mbili, niseme ukweli. Wenye mtandao walikuwa wameharibu kitu wasichokijua, na huyu mama alikuwa anataka wakijue kwa nguvu, na katikati yao nipo mimi na wino unaisha.

Kisha ikaja ile meseji, nje ya kundi, kwake moja kwa moja. Ilitoka kwa editha_tz2. "Shikamoo Bibi Shamba. Sisi huku hatujambo, mama Editha anakusalimu. Mpunga umeanza unjano kwenye lile jaruba la chini. Tunafanyaje?" Na picha ya majani, ya njano kweli.

Bibi Shamba akafumba macho. "Baba Editha wa Kijitoni huyo. Kila mwaka jaruba lake la chini lina njaa, maji ya mlimani yanaosha mbolea. Mwambie ni kama mwaka jana, aweke mbolea ya kukuzia, asubiri."

"Kuna na Baba Editha wa Mchombe," nikamwambia. "Muulize ni yupi."

"Nimuulize Baba Editha ni yupi? Mimi niliyekula kwake?"

"Umekula kwa wote wawili."

"Ndiyo maana siwezi kumuuliza yeyote. Andika."

Nikaandika kama alivyosema. Jibu likarudi fupi: "Asante Bibi Shamba."

Zikapita wiki, mpunga ukabeba, watu wakaanza kuhamia mashambani kufukuza ndege. Siku hiyo Baba Editha wa Kisawasawa akapita dukani na mkungu wa ndizi wa Bibi Shamba. Amekaa kwenye stuli yangu nyingine, tunapiga soga, Bibi Shamba akamuuliza unjano umeishaje.

"Unjano upi?"

"Wa jaruba la chini. Si ulinitumia picha."

"Mimi simu yangu iliingia maji tangu Pasaka, Bibi Shamba. Sijakutumia kitu. Mwaka huu jaruba la chini limekaa vizuri kweli, njoo uone."

Bibi Shamba akanigeukia. Yule bwana akadhani amekosea jambo, akaaga. Bibi Shamba akavaa miwani, ile ya misale, akachukua simu mwenyewe akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akanionyesha kwa kucha: mabaka, michirizi, majani machanga yamejikunja. Haikuwa njaa ya mbolea. Ilikuwa kimyanga, ugonjwa unaorukia shina baada ya shina, na dawa yake ni kung'oa mapema yale yaliyougua na kuyafukia kabla hayajaambukiza mengine. Yeye alimwambia yule wa Mchombe asubiri. Tukafungua kundi. Pameandikwa editha_tz2 ameondoka, na hatukujua ni tangu lini.

Nilidhani angefunga safari siku ileile. Hakufunga. Alirudi kwenye kuandika, na safari hii hakuwa anakasirika, jambo ambalo liliniogopesha zaidi. Anakuja, anakaa, anasema, "Andika. Waambie kuna mtu amepoteza mpunga." Naandika. Inajibu mashine, tunathamini sauti yako. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Wengine wakimtafuta kwa ushauri alikuwa anawajibu, "Nitakuja," na haendi, na hawaulizi. Niliona kazi ya maisha yake inafia kwenye duka langu, na uvumilivu ukaniishia.

"Bibi Shamba," nikasema, "hawa hata wakirudisha majina yote leo, hawatakwenda Mchombe kwa niaba yako."

"Nani kasema nataka waende?"

"Unawaandikia wao kwa sababu wao hawawezi kukutazama usoni."

Aliinuka akaondoka. Nikasema basi, ujirani umekwisha. Asubuhi nasikia mlango wake, lakini haukubamizwa, umefungwa taratibu kwa ufunguo. Amevaa kitenge cha msibani, ana mfuko wa sukari na sabuni. "Funga duka," akaniambia. Nikafunga.

Mchombe walikuwa wameanza kuvuna. Barabara ya Mlimba pande zote mbili watu na mundu, maturubai yametandikwa, mpunga unapigwa. Nyumbani kwa Baba Editha wakatupokea kama wageni wa heshima, na hilo ndilo lililouma. Mama Editha akachukua mfuko, akatandika mkeka, akaingia jikoni, haukupita muda harufu ya kambale ikatoka. Baba Editha akaja kutoka shambani, akanawa, akamwamkia. Akauliza habari za Ifakara, za padri, za magoti. Tukala wali. Akatuongezea. Turubai lake lilikuwa limekunjwa pembeni ya ukuta, na palepale uani, mahali ambapo miaka mingine huwezi kupita kwa magunia, kuku walikuwa wanatembea watakavyo. Hakuna aliyetaja mpunga.

Nikaona Bibi Shamba atamchangamkia hivi mpaka jioni, kisha ataaga na tutarudi. Kumbe amekwisha kuweka kijiko chini.

"Baba Editha, ile meseji ya unjano. Nilikujibu vibaya."

"Mambo ya shamba hayo, Bibi Shamba. Yanatokea."

"Hayakutokea. Nilikujibu vibaya."

Yule bwana akatazama mikono yake. "Uliniambia ni kama mwaka jana. Mwaka jana kwangu hapakuwa na unjano. Nikasema, Bibi Shamba anakumbuka kuliko mimi. Nikaweka mbolea, nikasubiri. Lile jaruba la chini lote limekwenda, na la pili yake nusu. Nikaona labda siku hizi una watu wengi, ushauri si kama wa zamani, nikajiondoa kimyakimya nisikusumbue."

"Sikujua ni wewe."

Hapo Mama Editha, aliyekuwa anakusanya vyombo, akasimama. Baba Editha akainua uso.

"Hukunijua," akasema, na hakuwa anauliza. "Editha umempakata hapa akiwa mchanga. Kwenye mkeka huuhuu. Mimi nakuamkia, nakupa na salamu za mama yake, na hukunijua."

Mpunga Baba Editha alikuwa amemsamehe kabla hatujafika, hilo lilikuwa wazi. Hili lingine ndilo Bibi Shamba alilolikimbia muda wote ule dukani kwangu, na sasa limesemwa mbele ya watu. Hakujitetea. Hakuutaja mtandao, yeye aliyeutaja kila siku ya Mungu. Alitoa simu kwenye pindo la kitenge alimoifunga, akaitafuta meseji mwenyewe, akampa.

"Nisomee jina la mtu aliyenitumia hiyo meseji."

Baba Editha akaisogeza mbali na macho. "Editha," akasoma. "Halafu kuna kimstari. Halafu te, zeti, mbili." Akageuza simu kama kuna maandishi mengine nyuma. "Nani huyu?"

"Ndiye wewe."

"Mimi?"

"Kwangu unaonekana hivyo. Na wenzako wote hivyohivyo."

Akaitazama tena. Akamwonyesha mkewe, mkewe akatikisa kichwa. "Editha alikuja likizo," akasema taratibu, "akaniambia baba simu inataka jina, nikamwambia weka. Sikuwahi kuliona." Akakaa na ile simu kiganjani, kisha akaguna, kitu kilichokaribia kicheko lakini hakikufika. "Hata mimi mwenyewe nisingejijua."

Akamrudishia simu. Akasimama, akampa mkono kumwinua, maana magoti yalikuwa yamekwisha kuganda pale mkekani.

Tulikwenda mpaka jaruba la chini, polepole, mimi nimebeba viatu vyake. Lilikuwa baya kuliko nilivyofikiri, mabua mafupi yaliyokauka, masuke matupu yamesimama wima kwa kukosa uzito. Nikamwambia akague kutoka ukingoni, tope halijakauka na hatatoka. Hakunisikia. Alimshika Baba Editha bega, akashusha mguu mmoja, akashusha na wa pili, akasimama humo peku, kimya, kama nilivyosikia watu wakisimulia miaka yote na sikuwahi kuona.

Siku hizi yuko Mahenge kwa binti yake na simu hataki hata kuiona. Lile jina la tarakimu bado liko kwenye kundi, na mimi bado nawaandikia wale wenye mtandao kila ninapopata nafasi, kwa hasira zangu mwenyewe sasa, na bado wanathamini sauti yangu.

Lakini siku ile, baada ya kusimama topeni mpaka nikaanza kuogopa, aligeuka kumtazama yule bwana aliyekuwa ukingoni, hatua chache tu kutoka kwake, akamwita kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya shamba.

"Baba Editha Mchombe Mbugani."

"Naam, Bibi Shamba," akaitika, akavua kandambili zake, akaingia naye.